Tisa nukta nne

Nimefundisha fizikia kwa miaka 19 katika skuli za sekondari kisiwani Pemba, na kosa ninalolikumbuka kuliko yote nililifanya kwa kalamu nyekundu, asubuhi moja ya msimu wa kusi, juu ya daftari la kundi la wanafunzi watano wa Kidato cha Tatu. Walikuwa wametoka nje kupima nguvu ya mvutano wa dunia kwa jiwe na uzi, wakarudi na jibu la 9.4. Kitabu kinasema 9.8. Nililikata jibu lao, nikaandika 9.8 juu yake, nikawaambia waliandike hilo katika jedwali ili tusichelewe na somo lililofuata. Hakuna aliyebisha, kwa sababu watoto wetu wamelelewa kutobishana na mwalimu, nami siku ile niliihesabu adabu yao kuwa ni kuridhika.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Jiwe hufungwa kwenye uzi, uzi huning'inizwa, jiwe husukumwa kidogo liwe linakwenda na kurudi, kisha huhesabiwa muda wa kwenda na kurudi mara 20. Urefu wa uzi na muda huo vikishajulikana, hesabu fupi humwambia mtu kila kinachoanguka kinaongeza mwendo wake kwa mita ngapi kwa sekunde katika kila sekunde. Sisi tulitumia jiwe la pwani lenye ukubwa wa ngumi ya mtu mzima na mshipi wa kuvulia samaki, tukapiga msumari kwenye tawi la mwembe ulio nyuma ya darasa. Saa ilikuwa ya simu yangu. Kwa uzi walioupima kuwa sentimita 96, mizunguko 20 ilichukua sekunde 40 na ushei, na hapo ndipo ilipotoka ile 9.4.

Nilikuwa na sababu ya kujua vizuri zaidi, kwani mtu wa kwanza kunionesha namna fikra inavyosahihishwa hakuwa mwalimu wala kitabu. Alikuwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mkwezi. Nilimfuata mashambani tangu nikiwa na umri wa miaka saba, na kazi yangu ilikuwa kuokota nazi baada ya yeye kunihakikishia kwamba amemaliza kuangua, maana nazi moja iliyokomaa kutoka juu ya mnazi mrefu humuua mtu. Nyumbani kwetu sote tuliamini kwamba kizito hutangulia kufika chini. Babu aliamini hivyo, majirani waliamini hivyo, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana halina haja ya kuulizwa: kuti huelea likishuka polepole, nazi hushuka kwa kishindo, basi uzito ndio unaoharakisha.

Siku moja, akiwa amekaa juu kabisa kwenye mashina ya makuti, nilimwomba aachie koroma na kitale kwa pamoja. Kwa asiyeujua mnazi, tunda lake huanza likiwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, hadi likawa nazi. Koroma limekaribia kukomaa na ni zito, na kitale ni kichanga ambacho mtoto hukishika kwa mkono mmoja. Nilikaa mbali, nikasikiliza. Kilisikika kishindo kimoja. Babu alinyamaza, kisha akaachia vingine viwili, na tena vingine viwili, akiharibu vitale ambavyo kwa kawaida hakuwa mtu wa kuviharibu, na kila mara kikawa kishindo kimoja. Aliposhuka alifungua kitanzi cha kamba miguuni, akaviangalia vile vitale vilivyopasuka, akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunasema tu." Hakutafuta udhuru. Hakusema kwamba siku ile upepo ulikuwa wa namna yake. Kuanzia hapo, kila aliposikia mtu akisema kizito hutangulia, alimwambia akasikilize mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojua kwamba imani yetu ilikuwa imeandikwa na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na kwamba wanazuoni wengi wa karne nyingi waliirithi. Katika karne ya 6, mwanafalsafa wa Iskandaria, Misri, aliyeitwa Yohana Philoponus, aliandika kwamba ukiachia vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana kutoka kimo kimoja, tofauti ya muda wa kufika chini ni ndogo mno. Zaidi ya miaka 1,000 ilipita kabla ya Galileo, mwanasayansi wa Italia, kulijengea jambo hilo hesabu yake. Na kuhusu kuti letu, linalolichelewesha ni hewa. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, alisimama juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, na vikagusa ardhi pamoja mbele ya kamera. Nilipoiona picha hiyo nilimkumbuka babu na vitale vyake, nikatamani angekuwa hai aione.

Mtu mwenye babu wa namna hiyo hakupaswa kukata 9.4 kwa wino mwekundu.

Wiki tatu baada ya somo lile nilikusanya madaftari kwa ajili ya kuyasahihisha, na katika daftari la msichana mmoja wa kundi lile nilikuta 9.8 kwenye jedwali kama nilivyoamrisha, na pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli, kwa maandishi madogo yaliyonyooka, 9.4 yake bado ipo. Hakuwa ameizungushia duara wala kuiwekea alama ya kuuliza. Aliiandika tu, kama mtu anayehifadhi kitu chake mahali kisipotee. Niliuangalia ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko nilivyoziangalia kurasa nyingine zote.

Jioni ile, wanafunzi walipokwisha kuondoka, nilichukua jiwe lilelile na mshipi uleule, nikaenda kwenye mwembe peke yangu. Nilikuwa na hakika kwamba wao walikosea kuhesabu. Nilipima uzi kwa uangalifu mkubwa kutoka kwenye msumari hadi kwenye fundo, nikahesabu mizunguko 20, nikarudia mara nne. Nilipata 9.4. Sikuweza kusingizia utoto wala haraka. Aliyekuwa ameshika saa na rula alikuwa mimi.

Siku ya pili niliwaita wote watano, nikawaambia ukweli: nami nimepata 9.4, na nilikosea kuwakatia. Niliona aibu, lakini wao hawakushughulika na aibu yangu hata kidogo. Walichotaka kujua ni sababu. Tulianza kuzikataa sababu moja baada ya nyingine. Upepo haukuwa na nguvu siku hiyo na jibu halikubadilika. Mizunguko tuliihesabu hadi 50 badala ya 20, jibu likabaki palepale. Kisha mmoja wao akashauri tufupishe uzi, na hapo mambo yakaanza kusema. Kwa uzi wa sentimita 50 tulipata 9.1. Kwa uzi wa sentimita 25 tulipata 8.4. Dunia haibadilishi mvuto wake kwa sababu mtoto amefupisha mshipi. Kwa hiyo kilichokuwa kinakosekana kilikuwa katika kipimo chetu, na kilikuwa kitu cha kiasi kilekile kila mara, kidogo kikilinganishwa na uzi mrefu na kikubwa kikilinganishwa na uzi mfupi. Yule msichana wa penseli alilishika jiwe, akaliweka kiganjani, akapitisha kidole kutoka kwenye fundo hadi katikati yake. "Mwalimu," alisema, "na hili jiwe lenyewe tumelipima?"

Jiwe lilikuwa na upana wa sentimita 8. Urefu unaotakiwa katika hesabu ni kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe, nasi tulikuwa tukiishia kwenye fundo, tukiacha sentimita 4 kila mara. Wao walifanya hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaonesha siku ya kwanza, kwa mkono wangu, kwamba uzi hupimwa hadi kwenye fundo. Ile 9.4 haikuwa kosa lao. Ilikuwa ushahidi sahihi kabisa wa kosa langu, nami nilikuwa nimeukata kwa kalamu. Tulipoongeza sentimita 4, vipimo vyote vitatu vilikaa karibu na 9.8, vya nyuzi ndefu na vya nyuzi fupi, na kelele walizopiga chini ya mwembe zilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Baada ya hapo nilianza kuisoma historia ya fizikia kwa jicho jingine, nikitafuta ndani yake zile namba za penseli. Iliyonigusa zaidi ni ya Mfaransa Jean Richer, ambaye mwaka 1672 alikuwa Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, kwa kazi ya kuangalia nyota. Saa yake ya pendulamu, yaani saa inayoongozwa na uzito unaoning'inia kama jiwe letu, ilikuwa ikienda sawasawa Paris, lakini Cayenne ilichelewa kwa dakika 2 na nusu hivi kila siku. Ili iende sawa alilazimika kufupisha pendulamu kwa chini ya milimita 3. Wapo wasomi wa Ulaya waliodhani amekosea kupima, au kwamba joto la huko lilikuwa limerefusha chuma. Richer hakuiandika namba ya Paris. Aliandika aliyoiona. Miaka 15 baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1687, Isaac Newton aliitumia taarifa hiyo kuonesha kwamba dunia haikuwa tufe kamili, bali imetuna katikati kwa sababu ya kujizungusha, na kwamba mvuto kwenye ikweta ni mdogo kidogo kuliko kaskazini. Wengine huko Paris waliendelea kushikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kuelekea nchani, mpaka misafara ya Wafaransa ilipotumwa miaka ya 1730 kwenda Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, na Peru, karibu na ikweta, kupima ardhi yenyewe, nayo ikathibitisha alichosema Newton.

Kilichonifanya niweke kitabu chini ni ramani. Cayenne ipo takriban digrii 5 kaskazini mwa ikweta, na Pemba ipo takriban digrii 5 kusini. Saa ya Richer ingeletwa Wete ingechelewa karibu kwa kiasi kilekile. Mvuto wa hapa kwetu ni 9.78, na wa Paris ni 9.81. Nililazimika kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mwembe wetu haukuwa umeionesha tofauti hiyo, kwa sababu kutetereka kwa kidole juu ya kitufe cha simu kunatosha kuifunika, na mtu akidai amepima kile ambacho kifaa chake hakiwezi kukiona, anafanya lilelile nililolifanya mimi kwa wino. Lakini tofauti ipo, na sisi tumekaa juu yake.

Mfano wa pili nilitamani usiwe wa Galileo, kwa jinsi ninavyomheshimu. Mama yangu amelima mwani kwa miaka mingi, na kama kila mwanamke wa pwani yetu anayekwenda kufunga na kuvuna, kalenda yake ni Mwezi. Anajua kwamba Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji huwa ya bamvua, hujaa sana na kupwa mbali hadi vigingi vyote vikaonekana, na katikati yake ni maji mafu, ambapo hapana haja ya kushuka. Anajua kwamba bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alifundisha kwamba maji kupwa na kujaa husababishwa na miendo ya dunia yenyewe, akamlaumu Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani wa zama zake, kwa kuamini kwamba Mwezi una mamlaka juu ya bahari. Fikra hiyo ilitoa kujaa mara moja tu kwa siku. Kwamba bahari hujaa mara mbili lilikuwa jambo linaloonekana na kila mtu, naye alilieleza kwa maumbo na vina vya bahari mbalimbali, akaendelea kuipenda nadharia yake. Ndiye mtu aliyewafundisha wanadamu kupima vitu vinavyoanguka, na mbele ya bahari alikata 9.4.

Newton ndiye aliyeviweka pamoja vitu hivyo, nazi na Mwezi na maji ya bamvua. Habari ya tufaha haina uzushi, ila nyongeza ya kwamba lilimwangukia kichwani. Rafiki yake William Stukeley aliandika kwamba mwaka 1726, wakiwa wamekaa bustanini chini ya mitufaha baada ya chakula, Newton alimweleza jinsi kuanguka kwa tufaha kulivyomfanya ajiulize kwa nini siku zote huanguka wima. Darasani ninalibadilisha kuwa nazi, kwa sababu hakuna mtoto wa Pemba aliyekaa chini ya mtufaha. Nazi ikiachiwa hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko nazi, na ikiwa mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, basi Mwezi nao unaanguka, lakini kwa sehemu moja ya 3,600 ya kiasi hicho, yaani milimita 1.4 hivi kila sekunde, huku ukienda mbele kwa kasi inayoufanya uikose dunia siku zote. Hesabu ya mzunguko wa Mwezi inatoa milimita hizo hizo. Kila mwaka nikifika hapo huwaacha wanafunzi wakae kimya kidogo.

Sheria hiyo ilitawala kwa zaidi ya miaka 200, ikasimama hata mahali ilipoonekana kuanguka. Sayari ya Uranusi ilipoonekana haifuati njia iliyopigiwa hesabu, Mfaransa Urbain Le Verrier alisema ipo sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akataja mahali pa kuitafuta, na mwaka 1846 Johann Galle wa Berlin akaikuta Neptuni karibu na hapo, usiku wa kwanza wa kuitafuta. Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo alieleza kwamba njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, inageuka kidogo kuliko inavyopaswa. Akatumia ufunguo uleule: ipo sayari nyingine, karibu zaidi na Jua. Ikapewa jina la Vulcan, ikatafutwa kwa miongo mingi. Haikuwapo.

Ziada hiyo ni sekunde 43 za pembe katika miaka 100, na digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe, kwa hiyo mtu angehitaji kusubiri zaidi ya miaka 8,000 ili ifike digrii moja. Ni namba ya penseli, pembezoni mwa ukurasa wa sheria iliyofaulu kuliko zote. Yeyote angeweza kuikata. Wanasayansi wa anga hawakuikata; waliibeba kizazi hadi kizazi pamoja na aibu yake, mpaka Novemba 1915, Albert Einstein alipopiga hesabu kwa nadharia mpya, ambamo mvuto si kamba inayovuta kutoka mbali bali ni kujipinda kwa nafasi na muda kunakosababishwa na mata, yaani kila kitu chenye uzito, na 43 ikatoka yenyewe, bila ya kulazimishwa. Mei 29, 1919, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa Principe, kisiwa cha Afrika katika Ghuba ya Guinea, cha mashamba ya kakao kama chetu kilivyo cha karafuu, na wenzake walikuwa Sobral, Brazili, wakipiga picha za nyota zilizo karibu na Jua lililopatwa. Nadharia ya Einstein ilisema mwanga wa nyota ukipita kando ya Jua utapinda kwa sekunde 1.75 za pembe, na hesabu ya Newton hutoa nusu yake. Mawingu yaliharibu picha nyingi za Principe. Chache zilizofaa, pamoja na zile za Sobral, zilikuwa upande wa Einstein.

Wanafunzi huniuliza kama basi Newton alidanganya. Huwajibu kwamba nazi za babu bado zinaanguka kwa hesabu ya Newton, na majedwali ya maji kupwa na kujaa yanayotumiwa na manahodha bado yanasimama juu yake. Ilichopoteza ni madai ya kwamba inafika kila mahali. Vifaa vya kuoneshea njia ambavyo baadhi ya wavuvi wetu wamefunga vyomboni hutegemea saa zilizo ndani ya satelaiti, na saa hizo hutangulia za duniani kwa sehemu 38 za sekunde moja iliyogawanywa katika sehemu milioni moja, kila siku. Bila ya kusahihisha tofauti hiyo kwa nadharia ya Einstein, kwa siku moja kosa lingefika kilomita 10 hivi, na mvuvi anayerudi usiku angeukosa mlango wa bahari.

Sasa madaftari ya maabara darasani kwangu huandikwa kwa wino, na kilichopimwa hakifutwi. Anayeona amekosea hupiga mstari mmoja juu yake ili kisomeke, akaandika sababu pembeni. Sababu ikiwa haijajulikana, nafasi huachwa wazi. Mwezi uliopita kundi moja lilipata 9.6 chini ya mwembe uleule, na katikati ya jiwe walikuwa wamepima. Tumekagua fundo na msumari bila ya kuona kitu. Mvulana mmoja anadhani tawi lenyewe linayumba pamoja na jiwe, kwa kuwa mwembe umezeeka na tawi limekuwa jepesi tangu tulipolikata upande mmoja. Tutarudi Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na kamba nyingine, tuifunge kwenye boriti ya ukumbi.